Mtoto Akitoka Kakuma, Ataingia Darasa Gani Juba?

Mwezi huu tunaongea juu ya swali linaloulizwa sana bombani na kwenye laini ya chakula: nikirudi Juba na watoto, mambo ya shule yatakuwaje?

Ukurasa huu hauwaambii muende wala mbaki. Usalama Sudan Kusini uliharibika tena mwaka 2025, na safari ni uamuzi wa kila nyumba. Lakini vile mnajua, kuna wanaokwenda, na kuna wanaokwenda wenyewe wakaacha watoto hapa wasome. Si jambo jipya. Baada ya mkataba wa amani wa 2005 familia nyingi zilirudi kwao, na watoto wakabaki Kakuma kwa sababu ya shule. Basi tuangalie mambo manne.

MADARASA. Kenya imebadilisha mpango wake. Mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho 2023. Siku hizi mtoto anasoma miaka 6 ya msingi, 3 ya sekondari ya chini na 3 ya sekondari ya juu. Juba bado ni miaka 8 ya msingi na 4 ya sekondari. Ukijumlisha, zote ni miaka 12, lakini mlango wa kuingia sekondari hauko mahali pamoja. Mtoto akimaliza Gredi ya 8 hapa bado yuko katikati ya sekondari ya chini, lakini mwenzake wa Juba wa darasa la 8 anafanya mtihani wa kumaliza msingi na kupata cheti. Aliyemaliza Gredi ya 9 kwa hesabu ya miaka ni sawa na aliyemaliza mwaka wa kwanza wa sekondari kule. Lakini mwalimu mkuu ambaye hajazoea ripoti hizi mpya za Kenya anaweza kumrudisha nyuma darasa moja au mawili. Mzazi ukijua hesabu hii, utaweza kuongea naye kwa utaratibu na kuomba mtoto apewe jaribio kwanza kabla ya kupangiwa darasa.

LUGHA. Katiba ya Sudan Kusini ya 2011 inasema Kiingereza ndiyo lugha ya serikali na ya kufundishia. Mtaala wao unataka darasa la 1 hadi la 3 watoto wafundishwe kwa lugha ya nyumbani, halafu Kiingereza kuanzia darasa la 4. Lakini Juba ni mji wa makabila yote. Ndani ya darasa moja unakuta Mbari, Mdinka, Mnuer na Mzande, na wakitoka uwanjani wote wanaongea Kiarabu cha Juba. Mtoto aliyezaliwa kambini na kuzoea Kiswahili atajiona mgeni mara mbili. Ni kweli Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Kiswahili kinazungumziwa sana huko, lakini usitegemee kwamba mtoto atafundishwa hesabu kwa Kiswahili.

Tukumbuke ndugu zetu waliosomea Khartoum kwa Kiarabu. Walirudi na vyeti vyao vizuri, lakini Kiingereza kilipokuwa ndiyo lugha ya ofisi na ya darasa, wengi walipata taabu. Waliosoma Kenya na Uganda walipata nafuu, sana sana kwa sababu ya Kiingereza. Kwa hiyo Kiingereza cha mtoto ni mzigo wa kufungwa kwanza kabla ya sufuria na godoro.

PESA NA SIKU ZA SHULE. Mwaka 2023 Rais Salva Kiir alitangaza kwamba shule za serikali, za msingi na za sekondari, ni bure. Hiyo ni sawa, lakini walimu wamekaa miezi mingi bila mshahara, na mwalimu asiyelipwa ataomba mchango au ataacha kazi. Pia joto. Machi 2024 serikali ilifunga shule kwa sababu joto lilitarajiwa kufika nyuzi 45, na Februari 2025 ikafunga tena kwa wiki mbili baada ya wanafunzi kuzimia Juba. Darasa la mabati halikaliki siku kama hizo. Hesabu basi na wiki ambazo mtoto atakuwa nyumbani.

KARATASI. Hapa ndipo wengi wanaumia, na ndipo mzazi ana nguvu. Kabla ya kuondoka:

1. Chukua barua ya kuhama kutoka shule, yenye muhuri na sahihi.
2. Chukua ripoti za miaka miwili ya mwisho, na matokeo yoyote ya mtihani wa taifa pamoja na namba ya mtoto.
3. Angalia majina. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Nyakuoth na ripoti inasema Nyakouth, rekebisha ukiwa bado hapa. Majina matatu yafuatane sawa kila mahali.
4. Toa kopi. Kopi moja ibaki kwa ndugu kambini, na piga picha kwa simu. Karatasi ikiloa mvua njiani, kupata nyingine ni kazi ndefu.
5. Tuma mtu wa Juba aulize shule mbili au tatu: muhula unaanza lini, wanataka nini, mchango ni pesa ngapi.

Na kwa wanaobaki, haya yanawahusu pia. Jioni, kabla giza halijaingia, watoto wa bloku wakae pamoja nusu saa. Mkubwa asome kitabu cha Kiingereza kwa sauti, wadogo warudie, halafu mmoja aeleze hadithi kwa lugha ya nyumbani. Mama asiyejua kusoma anaweza kuuliza, "Kimesema nini hicho?" Mtoto akishindwa kueleza, ujue amesoma herufi tu. Hiyo haihitaji mradi wala kibali cha ofisi. Shule ikifungwa, hapa au Juba, hilo darasa la bloku bado litaendelea.

Kama ulishahamisha mtoto kwenda shule ya Juba, tuambie ilikuwaje: aliwekwa darasa gani, na karatasi gani ilikusaidia. Majirani wanasubiri kusikia. Tuonane mwezi ujao.