Kubonyeza Tab si uvivu

Wacha niseme hii kitu mara moja nimalizane nayo. Ukiniona nikiandika ul>li*40 kwa edita, nibonyeze Tab, na mistari 40 ya orodha itokee yenyewe, usiniambie mimi si developa wa ukweli.

Chuo nilichoacha, HTML tuliifanyia mtihani kwa karatasi. Kwa kalamu, wasee! Siku moja kwa maabara mhadhiri akanishika nikitumia vifupisho vya Emmet, akasema hiyo ni njia ya wavivu. Sawa. Lakini kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa menyu ya hoteli moja Githurai, vyakula 40, na mwenyewe aliitaka jioni hiyo hiyo. Fundi wa nguo ana cherehani. Mbona yeye hamumwambii ashone na sindano?

Lakini tusidanganyane. Uvivu wa kweli upo, na mimi niliufanya kwa hiyo hiyo menyu. Unaandika alama ya mshangao, unabonyeza Tab, mifupa yote ya ukurasa inajijaza, na wewe husomi kilichotoka. Kwa VS Code, usipobadilisha kitu, mstari wa pili unakuja na lang="en". Yaani umetangaza huu ukurasa ni wa Kiingereza.

Menyu yangu ilikuwa Kiswahili tupu. Binamu yangu haoni, simu ndiyo humsomea skrini. Alipoifungua, ikamtamkia "maharagwe" na "kuku wa kuchoma" kama mzungu aliyeshuka ndege jana. Hakushika kitu. Yeye alicheka. Mimi sikucheka.

Dawa ni ya dakika moja. Ingia mipangilio ya VS Code, tafuta emmet.variables, weka lang iwe sw. Basi. Au tengeneza snipeti yako mwenyewe: unaipa kifupisho, unaandika mistari unayoitaka, unaweka $1 pale kishale kitaanzia. Hapo Tab inakuandikia kitu chako, si cha mtu asiyejua unaandikia nani.

Kwa hivyo wale wa "andika kila kitu kwa mkono", poleni. Swali si vidole vyako vimechapa herufi ngapi. Swali ni kama unaweza kueleza kila mstari uliotoka. Ukiweza, bonyeza Tab bila aibu. Ukishindwa, hata ungechapa usiku kucha, bado ni kukopi tu.

Sasa fungua ukurasa wako wa mwisho, uangalie mstari wa pili. Unasema nini?