Ruzuku Haijui Bamvua

Kwenye Bandari ya Kale, mvuvi akitaka kujua leo ni lini haulizi tarehe, anauliza mwezi umeandama siku ngapi. Akisikia ni bamvua anajua maji yatajaa hadi wapi, yatakupwa hadi wapi, na mtego autege wapi. Yakiwa maji mafu atakaa barazani ashone nyavu zake. Upande wa pili wa kisiwa, Kilindini, manahodha wa meli za makontena nao wana hesabu zao za maji, na jina lenyewe limeshasema: hapo pana kilindi. Fedha za utafiti huingia Mombasa bila kuutazama mwezi.

Mwaka wa fedha wa serikali ya Kenya hufungwa tarehe 30 Juni. Fungu likichelewa kutoka Nairobi, nalo kuchelewa si ajabu, hufika Aprili au Mei, kusi ikishaanza na bahari nje ya miamba imechafuka, na lazima liishe kabla ya vitabu kufungwa. Mtu wa maabara atanung'unika kidogo, kisha ataagiza kemikali zake. Lakini kundi lenye mpiga mbizi, mtaalamu wa mikoko, mwanauchumi na mwanahistoria litafanya nini? Mpiga mbizi anataka kaskazi, maji yakiwa meupe. Mwanauchumi anawataka wavuvi wakiwa nchi kavu wana nafasi ya kujibu maswali, yaani kusi hiyo hiyo. Mwanahistoria anataka wazee, na wazee wa Mji wa Kale hawahojiwi mchana wa Ramadhani. Hakuna robo ya mwaka inayowatosha wote.

Siku hizi wafadhili wanapenda sana ruzuku za namna hii, za kuwakusanya watu wa taaluma mbalimbali chini ya mradi mmoja. Wako wasomi wanaoziona kama pambo tu, kwamba kila fani ingebaki kwake na kazi ingekuwa safi zaidi. Mimi siko nao, na sababu iko pale Port Reitz. Mwaka 2005 mafuta yalimwagika kutoka kwenye meli ndani ya bandari ya Kilindini, yakafika kwenye mikoko ya hapo. Mwanakemia anaweza kukwambia ni mafuta ya aina gani. Mtu wa misitu atakwambia mche utachukua miaka mingapi kusimama tena. Mwanasheria anajua nani alipe, na mwanauchumi anajua alipe kiasi gani. Kila mmoja peke yake ni jibu sahihi lisilomfaa kitu mvuvi mwenye dau. Wakikaa pamoja wanaweza kumpa karatasi ya kwenda nayo mahakamani.

Tatizo ni huko kukaa pamoja. Niliwahi kuhudhuria kikao cha mradi mmoja, jina nitalihifadhi, ambapo saa nzima ilipotea kwa neno moja: jamii. Mtu wa viumbe alikuwa akisema jamii za samaki kwenye mwamba. Mtu wa sosholojia akasikia jamii za watu, akawa anauliza zimeshirikishwa vipi katika kuhesabiwa. Tulicheka baadaye, kwenye kahawa. Lakini kucheka kule ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe ya mradi: watu kujifunza lugha ya wenzao. Na katika bajeti yote ile, iliyokuwa na safu ya petroli, ya posho, ya vipuri vya boti, hapakuwa na shilingi iliyotengwa kwa ajili ya kujifunza huko. Mradi ulikuwa wa miezi 24. Kuelewana kulianza mwezi wa 18.

Tunao mfano mzuri hapa hapa, chini ya kuta za Fort Jesus. Mwaka 1697 meli ya vita ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyoundwa India, ilikuja kuiokoa ngome iliyokuwa imezingirwa na Waomani tangu 1696. Ikazama mbele ya ngome ile ile. Kati ya 1977 na 1980 Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na taasisi ya akiolojia ya baharini kutoka Texas, chini ya uongozi wa Robin Piercy, waliichimbua. Wapiga mbizi walifanya kazi mikono ikipapasa gizani kwenye tope. Juu walikuwapo wachoraji wa ramani, wajuzi wa vyombo vya kauri, wajuzi wa maandiko ya Kireno, na wahifadhi waliojua kwamba ubao uliolala chini ya bahari karibu miaka 280 ukianikwa tu juani unapasuka vipande. Maelfu ya vitu vilitoka. Mbavu za meli zilipimwa, zikachorwa, zikafukiwa tena mchangani, na huko ziliko ndiko salama kuliko juu.

Kinachonivutia katika kisa hiki ni kilichotangulia. Mwaka 1958 mfuko wa Gulbenkian wa Lisbon ulitoa fedha za kuikarabati ngome, ambayo Waingereza walikuwa wakiitumia kama jela, na 1960 makumbusho yakafunguliwa, James Kirkman akiwa mlinzi wake. Sawa, Wareno walikuwa na lao la kujivunia. Lakini matokeo ni kwamba wapiga mbizi walipokuja karibu miaka 20 baadaye walikuta nyumba: stoo, wafanyakazi, mahali pa kuweka matangi ya kulowekea mbao. Uchimbaji ulikuwa wa misimu minne. Kuhifadhi kulichukua muda mrefu zaidi, na kuliwezekana kwa sababu pesa ya kwanza ilijenga mahali kabla ya pesa ya pili kuleta mradi.

Sasa tazama ya karibuni. Uingereza ilianzisha mfuko wa pauni bilioni 1.5, GCRF, uliotaka hasa kazi za taaluma mbalimbali na nchi za Kusini. Chini yake ukaja mtandao wa Rising from the Depths, uliowakusanya wanaakiolojia, wasanii na watu wa pwani kuanzia Kenya hadi Msumbiji na Madagaska. Wazo zuri. Kisha London ikashusha msaada wake wa nje kutoka asilimia 0.7 hadi 0.5 ya pato la taifa, na Machi 2021 watafiti wakaambiwa kuna upungufu wa pauni milioni 120. Miradi ya mfuko ule, dunia nzima, ikapunguzwa, ikaahirishwa au ikafungwa. Mwaka 2025 Marekani ikalifunga shirika lake la misaada, USAID. Fani moja ikikatiwa fedha hurudi chuoni kwake na kusubiri. Kundi la fani nne likikatiwa huvunjika, na lile neno jamii hurudi kuwa maneno mawili.

Waliolielewa hili mapema ni WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari ya Hindi ya magharibi, makao yake Unguja, kilichoanzishwa 1993. Mpango wao wa MASMA umekuwa ukitoa ruzuku tangu 2000 kwa makundi yanayovuka mipaka ya nchi na ya fani. Nao una ndoa zake za makaratasi: mtu wa Mombasa anamtafuta mwenzake wa Maputo juma moja kabla ya andiko kufungwa. Lakini wanaoomba na wanaohukumu wanaijua kusi. Dosari yao kubwa ni kwamba kwa sehemu kubwa fedha zimekuwa za Sweden.

Kwa nini zisiwe zetu? Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema hazina ya utafiti ya Kenya ipate asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Kinachofika hakijawahi kukaribia hapo, na sioni waziri atakayelala macho kwa ajili hiyo. Basi nitazame karibu zaidi. Bandari ya Mombasa ilipitisha zaidi ya tani milioni 40 za mizigo mwaka 2024. Shilingi moja kwa tani ni milioni 40 na zaidi kwa mwaka, kila mwaka, awepo mfadhili asiwepo. Haitoshi kununua meli ya utafiti. Inatosha kuwaweka watu sita wa fani sita kwenye nyumba moja kwa miaka kumi.

Nitaambiwa kwamba bandari ikilipa, itaandikiwa ripoti inazozipenda kuhusu uchimbaji wa mlango wake na taka za mkono wa bahari wa Makupa. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana fedha hizo zisiguswe na bandari. Zikatwe, ziwekwe mfuko wenye wadhamini wake, na maandiko yahukumiwe na watu wa nje ya Mombasa, kama MASMA wanavyofanya. Mfanyabiashara wa Kampala atalalamika pia. Lakini hakuna meli itakayogeuza kuelekea Dar es Salaam kwa sababu ya shilingi moja.

Juzi nililetewa andiko la mradi nilisome: wavuvi, mikoko na afya ya watoto, fani tano, nchi tatu. Lilikuwa limeandikwa vizuri. Kwenye ukurasa wa mwisho wa bajeti palikuwa na safu ya "mrejesho kwa wavuvi": kikao kimoja, chai na mahamri kwa watu 40, mwezi wa mwisho wa mradi. Mwezi wenyewe ulikuwa Juni. Nikaandika pembeni kwa penseli: ahirisheni hadi Novemba, mtakapokuwa na matokeo ya kuwaambia. Jibu lilirudi siku ile ile kwamba haiwezekani, maana kufikia Novemba akaunti itakuwa imefungwa.