Raha ya kayaki iliyotulia ina funzo kwa wavuvi wa Pwani

KATIKA muda wa takriban nusu karne, kayaki imetoka kuwa chombo cha mwindaji wa nchi za barafu na kuwa mojawapo ya vyombo vinavyoenziwa mno na watu wanaovua samaki kwa burudani.

Kilichowavutia watu hao ni jambo ambalo mvuvi yeyote wa Vanga, Gazi, Kilifi au Kiunga analielewa bila kufafanuliwa, nalo ni chombo kutulia majini mtu anapokuwa kazini.

Jambo hilo lastahili kutafakariwa humu nchini, hasa kwa kuwa uchumi wa baharini umekuwa wimbo wa kila kiongozi. Tangu Nairobi iandae kongamano la kimataifa kuhusu uchumi huo mnamo Novemba 2018, mjadala umetawaliwa na bandari, meli za kuvua kwenye kina kirefu na viwanda vya kusindika samaki.

Chombo cha mtu mmoja au wawili, ambacho ndicho kinacholeta kitoweo katika vijiji vingi vya Pwani, aghalabu hukumbukwa siku kinapozama.

Asili ya kayaki ni pande za Aktiki. Wainuit wa Greenland na kaskazini mwa Kanada, pamoja na Waaleut wa Alaska, waliunda kiunzi kwa mbao zilizosombwa na bahari au kwa mifupa ya nyangumi, kisha wakakivika ngozi ya sili. Kilikuwa chombo chembamba, chepesi na kisicho na kelele, maadamu mwindaji alihitaji kumnyemelea mnyama.

Wembamba huo ulikuwa na gharama yake. Mwindaji alifundishwa tangu utotoni namna ya kujiinua kwa kafi pindi chombo kilipopinduka, kwa sababu katika maji ya baridi kali kama ile hakukuwa na muda wa kuogelea hadi nchi kavu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mmarekani Tim Niemier alianza kutengeneza katika jimbo la California kayaki ambayo mtu huketi juu yake badala ya kujitumbukiza ndani. Maji yanayopanda hutoka yenyewe kupitia matundu yaliyotobolewa sakafuni. Anayeanguka hupanda tena bila kulazimika kufua maji kwanza.

Baadaye plastiki ya kuyeyushwa na kumiminwa katika kalibu ilirahisisha utengenezaji wake. Mnamo 1997, kampuni ya Hobie ilitoa mtambo wa kuendesha kayaki kwa miguu, na kuanzia hapo mikono ya mvuvi ikawa huru kushughulikia mshipi na ndoana.

Hebu tuangalie vipimo. Kayaki ya kusafiria baharini huwa na upana wa sentimita 55 hadi 60 hivi. Ile ya kuvulia aghalabu huwa kati ya sentimita 80 na mita moja, na baadhi huwa imara kiasi cha kumruhusu mtu kusimama na kurusha mshipi.

Ni kweli kwamba chombo kipana hakiendi kasi kama chembamba. Hata hivyo, wavuvi wa burudani wamekubali kwa hiari kupoteza mwendo ili wapate utulivu.

Sababu yake ni ya kihesabu. Uwezo wa umbo la chombo kuhimili kuegemea upande mmoja hutegemea upana wake majini, na hukua kwa kipeo cha tatu cha upana huo. Ukiongeza upana kwa robo tu, uwezo huo hukaribia kuwa maradufu.

Lakini upana pekee hautoshi. Mtu wa kilo 70 aliyeketi ndani ya chombo cha kilo 40 ndiye mzigo mkubwa zaidi uliomo. Akisimama, kitovu cha uzito hupanda naye. Mabaharia wetu wa zamani walilijua hilo, ndiposa jahazi tupu halikung'oa nanga kabla ya kutiwa farumi chini.

Na raha yenyewe ni ipi? Ni kuelea kimya juu ya mwamba jua linapochomoza, bila mngurumo wa injini wala harufu ya petroli, huku ukihisi kwa kidole kila samaki anayeonja chambo. Kolekole akinasa, huvuta mshipi, mvuvi na chombo kwa pamoja.

Raha hiyo haipatikani katika chombo kinachoyumba. Anayehofia kupinduka huvua kwa nusu ya akili, kwani nusu nyingine inalinda makalio yasiteleze. Hawezi kugeuka nyuma kuchukua chambo. Hawezi kufunga ndoana mpya bila kushikilia ubavu wa chombo, na samaki mkubwa anapofika ubavuni, humwogopa badala ya kumfurahia.

Mtalii anayekosa utulivu huo hupoteza starehe ya asubuhi moja. Mvuvi wa riziki hupoteza kipato, na wakati mwingine uhai.

Wazee wa Pwani walilitatua tatizo hili karne nyingi kabla ya plastiki kuvumbuliwa. Ngalawa si chochote ila mtumbwi mwembamba wa gogo uliofungwa matengo pande zote mbili. Matengo hayo huupa upana mkubwa bila kuuongezea uzito mwingi, hivi kwamba chombo ambacho peke yake kingepinduka kwa kikohozi huweza kubeba tanga na kustahimili upepo.

Ngalawa nayo ina mipaka yake. Matengo huchakaa na kuvunjika, na huwa kizuizi kwa anayevuta wavu ubavuni. Isitoshe, gogo la mwembe lenye unene wa kutosha halipatikani kwa urahisi kama zamani, nayo bei ya mbao huwaelemea wengi.

Matokeo yake ni kwamba wavuvi wengi wasiojiweza wamebaki na mtumbwi mtupu, usio na tengo wala tanga, unaosukumwa kwa upondo au kafi. Chombo kama hicho hakithubutu kuvuka mwamba, hasa wakati wa kusi, kuanzia takriban Aprili hadi Septemba, bahari inapochafuka.

Hapa ndipo suala la uthabiti linapovuka mipaka ya usalama na kugusa uhai wa bahari yenyewe. Wavuvi wasioweza kutoka nje hubanana ndani ya mwamba, wakivua tasi, pono na changu mahali palepale kila siku, kabla samaki hao hawajakua na kuzaana. Tunawalaumu kwa kumaliza samaki, ilhali vyombo vyao haviwapi njia nyingine.

Gharama ya maisha nayo haifai kupuuzwa. Utafiti uliotolewa mnamo 2022 na shirika la FISH Safety Foundation ulikadiria kwamba zaidi ya watu 100,000 hufa kila mwaka duniani katika shughuli za uvuvi. Wengi wa wanaopoteza maisha ni wavuvi wadogo wa nchi maskini, ambao vifo vyao mara nyingi haviingii katika daftari lolote.

Kuna msemo kwamba mchagua jembe si mkulima. Huenda ni kweli shambani, ambako jembe butu huchelewesha kazi tu. Baharini msemo huo ni hatari, kwa maana chombo kibaya humzika mwenyewe.

Je, basi serikali za kaunti ziagize kayaki kwa maelfu na kuzigawa? La hasha. Kayaki haibebi nyavu, haina nafasi ya shehena ya samaki, na anayeiendesha kwa kafi atapata taabu kurudi ufuoni iwapo upepo wa kutoka bara utazidi nguvu. Nyingi zinazouzwa ng'ambo kwa ajili ya uvuvi hugharimu zaidi ya dola 1,000 za Marekani, bei ambayo mvuvi wa mtumbwi hawezi kuimudu.

Isitoshe, utulivu nao una udanganyifu wake. Chombo kipana chenye chini bapa hutulia kama jamvi penye maji shwari, lakini wimbi la ubavuni linapokuja, hulala sambamba na mteremko wa wimbi na kummwaga aliyemo. Chembamba chenye mbavu za mviringo huyumbayumba tangu mwanzo, ila huweza kuliacha wimbi lipite chini yake.

Kwa hivyo, swali la kuuliza ni chombo gani kinatulia wapi, kikiwa na mzigo gani na katika msimu upi. Kinachofaa hori ya Kilifi au Mida Creek si lazima kifae nje ya mwamba wa Msambweni.

Swali hilo ndilo linaloachwa nje kila mara vyombo vinaponunuliwa kwa fedha za umma. Zabuni hutaja urefu, nguvu za injini na rangi. Mvuvi atakayeketi ndani yake huitwa siku ya sherehe, kukabidhiwa ufunguo mbele ya kamera. Wahenga walinena kwamba mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo, nasi tunamnunulia chombo bila kumuuliza anakwenda wapi.

Sheria ya Usimamizi na Ustawishaji wa Uvuvi ya mwaka wa 2016 inazitambua kamati za usimamizi wa fuo, maarufu kama BMU. Kamati hizo zafaa kupewa usemi katika ununuzi wa vyombo. Kabla ya zabuni kutiwa sahihi, chombo kishushwe majini penye mawimbi, wavuvi wawili wapande na mzigo, wasimame, wageuke na kuvuta wavu upande mmoja. Jaribio la asubuhi moja litafichua mengi kuliko kurasa mia za maelezo ya kiufundi.

Pili, zipo fursa za utalii ambazo bado hazijatumiwa ipasavyo. Tangu enzi za Ernest Hemingway, aliyevua katika Pwani ya Kenya mnamo 1934, uvuvi wa burudani nchini umekuwa wa matajiri wanaokodi mashua za injini kuwasaka sulisuli. Kayaki inaweza kumfungulia mlango mgeni wa kipato cha wastani, na hata Mkenya wa bara ambaye hajawahi kushika mshipi.

Safari za aina hiyo ziongozwe na wavuvi wa mahali hapo, ambao wanajua milango ya mwamba, saa za bamvua na dalili za upepo kubadilika. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, lakini mwenyeji hatapona ikiwa ataajiriwa tu kubeba kayaki kutoka kwenye gari hadi majini.

Lazima pia mipaka izingatiwe. Katika mbuga za kitaifa za baharini kama vile Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mnamo 1968, uvuvi wa aina yoyote umepigwa marufuku. Katika hifadhi zinazopakana nazo, uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Mwandalizi wa safari asiyeijua tofauti hiyo atamwingiza mgeni wake matatani.

Lipo la kuiga kutoka Marekani kuhusu hifadhi. Katika mashindano ya uvuvi wa kayaki, yakiwemo yaliyoanzishwa na shirika la B.A.S.S. mnamo 2020, mshindani humlaza samaki juu ya kipimo, humpiga picha kwa simu, kisha humrudisha majini akiwa hai. Ushindi huamuliwa kwa urefu uliopigwa picha.

Tatu, si lazima kila chombo cha plastiki kitoke ng'ambo. Mnamo 2018, fundi Ali Skanda na wenzake walizindua Lamu jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuvikwa vipande vya ndara kuukuu. Mwaka uliofuata lilisafiri hadi Zanzibar.

Ikiwa mafundi wetu waliweza kuunda jahazi kwa takataka za ufuoni, hawashindwi kubuni mtumbwi mpana au tengo lisilooza ambalo mvuvi anaweza kulinunua na kulikarabati kijijini mwake. Wanachohitaji ni mtaji, kalibu na mnunuzi wa uhakika. Serikali za kaunti zinazonunua vyombo kila mara zinaweza kuwa mnunuzi huyo.

Fauka ya hayo, hakuna umbo la chombo linaloweza kuchukua nafasi ya jaketi ya kuokolea maisha. Mamlaka ya Masuala ya Baharini ya Kenya (KMA) na Kikosi cha Ulinzi wa Pwani, kilichozinduliwa mnamo 2018, zina wajibu wa kuhakikisha kwamba jaketi hizo zinavaliwa, mtumbwini sawa na kwenye mashua ya watalii.

Mtu anayevua kwa starehe amekataa kuhatarisha maisha yake kwa sababu ya samaki mmoja, na watengenezaji wa vyombo wamemsikiliza kwa kuwa ana pesa za kuwalipa. Mvuvi wa Vanga hana pesa hizo, ila ana kura na hulipa ushuru, na vyombo vinavyogawiwa kwa jina lake hununuliwa kwa fedha zake. Bajeti ijayo ya kaunti itakapojadiliwa, na aulize hadharani, kabla ya mtu yeyote kutaja injini, ni nani aliyeketi ndani ya chombo hicho kikiwa baharini na kuona kwamba kinatulia.