Wenye Wi-Fi za mitaani wasiuze simu wasiyoweza kuisimamia

Kila kampuni ndogo ya Wi-Fi inapopata wateja mia mbili tatu hivi, mwenyewe huanza kupiga hesabu: ikiwa intaneti imeshafika sebuleni mwa mteja, kuna ubaya gani kumwekea na simu juu yake? Programu za kuendesha swichi ya simu hupatikana bure, na fundi aliyepanda ghorofa ya Umoja au Githurai kufunga dishi anaweza kurudi kesho yake na kifaa cha simu mkobani. Jibu la gazeti hili ni hapana. Asiuze simu kabla ya kuwa na betri kwenye kila paa alikoweka mitambo, njia ya uhakika ya kufikisha simu za dharura, na leseni, yake au ya kampuni anayoiwakilisha, itakayofanya pawe na wa kuulizwa zinapokosa kufika. Mwenye kukosa hata moja kati ya hayo matatu aendelee kuuza intaneti, kazi ambayo mitaa mingi ingali inaihitaji.

Hatutoi uamuzi huu kwa wepesi. Hapa Kenya mdogo amewahi kukabwa koo kwa jina la sheria. Mnamo Novemba 2000 kampuni za intaneti zilifungua kituo cha KIXP ili ujumbe unaotoka Nairobi kwenda Nairobi usilazimike kuzunguka ng'ambo. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wakati huo, ililalamika, na tume ya mawasiliano ya CCK ikaamuru kituo kifungwe wiki chache tu baada ya kuanza kazi. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Simu za intaneti nazo zilibanwa vivyo hivyo hadi ukiritimba ulipokwisha mwaka 2004. Mfumo wa leseni uliokuja 2008 ulimaliza ubishi huo: haujali kama sauti inapita kwenye waya wa shaba au hewani. Mlango basi uko wazi. Tunachohoji ni utayari wa anayetaka kuupita.

Wenye kampuni hizi hupenda kusema kwamba simu ni mzigo mwepesi, na kwa kipimo cha ukubwa wa data hawakosei. Sauti safi hutumia kilobiti 80 hivi kwa sekunde kila upande, kiasi kidogo sana mbele ya filamu inayotazamwa nyumba ya jirani. Lakini redio haihesabu hivyo. Sauti hukatwakatwa kuwa pakiti ndogo, hamsini kila sekunde kwenda na hamsini kurudi, na kila pakiti lazima isubiri zamu yake hewani hata kama imebeba kipande tu cha silabi. Redio za bei nafuu zilizojaa mitaani haziwezi kusema na kusikia kwa wakati mmoja. Zinapiga foleni ya pamoja kwenye masafa ya gigahezi 5, ambayo hakuna kampuni iliyopewa yawe yake peke yake, huku madishi ya washindani yakitazamana paa kwa paa. Simu nyingi za pamoja zinaweza kuchosha mnara ambao mchana kutwa umebeba filamu bila kulalamika.

Filamu humvumilia fundi mzembe. Ikikwama sekunde mbili, mtazamaji hasikii lolote kwa sababu kifaa chake kilishajiwekea akiba. Mazungumzo hayana akiba. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Ikizidi mno, watu wawili huanza kukatizana, kila mmoja akidhani mwenzake amemaliza kusema. Zipo redio zinazogawa zamu kwa saa badala ya kuziacha zigombaniwe, na zipo rauta zinazoitanguliza sauti mbele ya filamu. Mwenye kampuni aliyekwisha kununua hizo na kuzipanga ipasavyo tunamsikiliza. Aliyefunga vifaa vya bei ya chini na kuacha mipangilio ya kiwandani hana haki ya kumuuzia mtu simu.

Kuliko yote hayo, linalotutia wasiwasi ni umeme. Simu ya mezani ya zamani, ya enzi za shirika la KPTC, ilipata umeme wake kwenye waya ule ule wa simu, volti 48 kutoka betri za kituo cha simu. Mtaa mzima ungeweza kuwa gizani na simu ikaendelea kulia. Sasa tazama simu ya Wi-Fi ilivyofungwa nyumbani. Dishi la paani linalishwa na kisanduku kidogo kilichochomekwa kwenye ekstensheni nyuma ya televisheni. Rauta imechomekwa hapo hapo, na kifaa cha simu pia. Mtoto akichomoa kimoja ili achaji simu yake, nyumba haina simu. Na hata mteja akinunua betri yake, bado kuna dishi la kati lililo juu ya jengo la mtu mwingine, kwenye soketi ya mwenye nyumba ambaye huenda hajui ule waya mweusi ni wa nani.

Mnamo Agosti 25, 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia giza. Ulikatika tena Novemba na Desemba mwaka huo huo. Milingoti ya kampuni kubwa za simu ina betri na jenereta zake. Kampuni ndogo inayotaka kuitwa kampuni ya simu ituonyeshe zake.

Marekani ilipita njia hii kabla yetu, na gharama yake inajulikana. Mapema mwaka 2005, mjini Houston, majambazi waliwapiga risasi mume na mke nyumbani kwao. Binti yao alikimbilia simu ya intaneti, akapiga 911, akajibiwa na sauti ya mashine iliyomwambia huduma hiyo haipatikani kwenye laini yake. Jimbo la Texas liliishtaki kampuni husika, Vonage, na kufikia Juni mwaka huo tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ikazipa kampuni za simu za intaneti zinazounganishwa na mtandao wa kawaida siku 120 kuhakikisha simu za dharura zinafika panapostahili, zikiwa na nambari na anwani ya anayepiga. Teknolojia yenyewe haikuwa na kosa. Miezi michache baadaye kimbunga Katrina kilipokata mawasiliano ya New Orleans, kundi la meya lililokuwa limekwama hotelini lilirudi hewani kwa akaunti ya simu ya intaneti ya mmoja wao. Ilifanya kazi kwa kuwa palikuwa na umeme na intaneti.

Kwetu nambari ni 999 na 112. Simu ya intaneti haina mlingoti unaoitambua ilipo. Kifaa kilichoandikishwa Kayole kinaweza kuhamishiwa Kakamega ndani ya sanduku la nguo, kikachomekwa kule na kufanya kazi kama kawaida. Mama anayepiga 999 usiku akiwa huko atapokewa wapi? Kampuni isiyo na jibu la swali hilo, kwa maandishi, haijawa tayari.

Tena kuna suala la swichi yenyewe ilipo. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota. Kampuni ndogo nyingi huona nafuu kukodi kompyuta Ulaya ya kuendeshea swichi hiyo. Kwa mpango huo, simu ya kutoka Umoja kwenda Kayole husafiri hadi Frankfurt na kurudi, na waya ukikatika baharini, majirani wawili hawasikizani. KIXP ilipiganiwa kwa sababu hiyo hiyo.

Faida nayo ni ya kubahatisha. Ada ambayo kampuni ya simu hulipa nyingine kwa kufikisha simu yake ilikuwa shilingi 4.42 kwa dakika hadi katikati ya 2010. Machi 2024 ilishushwa hadi senti 41. Siku za kushinda kwa bei ya dakika zimepita. Mteja wa Wi-Fi ana WhatsApp, anampigia dada yake aliye ng'ambo bila kulipa dakika hata moja, na hatafuti nambari mpya ya sebuleni. Anayebaki ni mwenye duka, zahanati, shule au ofisi ya SACCO inayotaka nambari moja ya mezani na vyumba kadhaa vya kuipokelea. Huyo ni mteja halali, lakini ndiye pia atakayeumia zaidi laini ikizimika katikati ya kazi.

Kwa hiyo tunatofautisha. Simu za ndani ya shule, kutoka ofisi ya mwalimu mkuu hadi bwenini, zisizotoka nje kabisa, zifungwe hata leo. Anayetaka kuuza nambari za umma aanze kama wakala wa kampuni yenye leseni, na mkataba umtaje nani atapokea lawama. Lakini asije akajaribu njia ya tatu, ya kuziba simu za wengine ili yake ipate soko. Mwaka 2005 FCC iliitoza kampuni ya Madison River dola 15,000 kwa kuzuia simu za intaneti za mshindani. Mteja akishalipia intaneti, WhatsApp yake ni haki yake.

Mamlaka ya Mawasiliano isingoje msiba. Itoe masharti mafupi yanayosomeka: saa za chini za betri kwa kila kituo cha kati, anwani ya mteja ithibitishwe kabla ya nambari kuwashwa, simu za dharura zijaribiwe kwa utaratibu uliokubaliwa na polisi, na kila nambari ifungwe kwenye kitambulisho kama ilivyo kwa laini za mkononi. Hilo la mwisho si dogo katika nchi ambamo matapeli hupiga simu wakijifanya maofisa wa huduma kwa wateja. Nambari isiyo na mwenyewe ni zawadi kwao. Masharti hayo yawe yale yale kwa kampuni kubwa na ndogo, na ukaguzi uwe wa kweli, mkaguzi akipanda ngazi hadi paani.

Nawe msomaji, ukiletewa fomu ya simu ya Wi-Fi mlangoni, tafuta kwanza kifungu kinachoeleza itakuwaje stima ikipotea na ukipiga 999 utapokewa wapi. Kama hakipo, usitie sahihi.