Mshika Usukani Apewa Jina

Mwanafunzi wa kitivo chetu anayepewa kazi ya kulinganisha riwaya na filamu yake huwa na jibu kabla hajaketi kuandika: kitabu ni bora, filamu imeruka mambo. Kisha inafuata orodha. Sura hii haipo, mhusika yule ameondolewa, mwisho umebadilishwa. Kazi inapata alama zake na swali lenyewe linabaki palepale. Maoni yangu ni kwamba orodha hiyo haitufikishi mbali. Sisi tunaosoma lugha tuna swali linalotuhusu zaidi: kitabuni nani anasema, na kwenye skrini nani anasema?

Nitatumia mfano unaotugusa, Heart of Darkness ya Joseph Conrad, ambayo wengi wetu tumeisoma kwa Kifaransa. Conrad alifika Kongo mwaka 1890, akatembea kwa miguu kutoka Matadi hadi Kinshasa, kisha akapanda mto kwa meli iliyoitwa Roi des Belges hadi Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo. Hadithi yake ilitoka katika jarida la Blackwood's mwaka 1899, ikawa kitabu mwaka 1902. Televisheni ya Marekani imeigeuza mchezo zaidi ya mara moja. Mwaka 1958 ilioneshwa katika kipindi cha Playhouse 90, Boris Karloff akiwa Kurtz. Mwaka 1993 Nicolas Roeg aliitengenezea filamu ya televisheni, Tim Roth akiwa Marlow na John Malkovich akiwa Kurtz. Hii ya pili ndiyo nitakayoizungumzia zaidi.

Tuanze na kitabu. Jinsi kilivyojengwa, sauti ni moja. Marlow ameketi usiku kwenye mashua katika mto Thames, anawasimulia wenzake safari yake. Tunachokiona Kongo tunakiona kwa macho yake, tunachokisikia kimepita kwanza katika masikio yake. Na masikio hayo hayakujua lugha yoyote ya huku. Kwa hiyo wenyeji wa mto wanapiga kelele, wanaimba, wanalia, wanapiga ngoma, lakini hawasemi. Mara chache sana wanatamka maneno mawili matatu ya Kiingereza cha kubabaisha: mara moja kuomba nyama ya adui, mara nyingine kutangaza kifo cha Kurtz. Chinua Achebe alilisema hili mwaka 1975 katika mhadhara wake huko Amherst, Marekani, na tangu hapo hakuna anayekifundisha kitabu hiki kwa haki bila kumjibu Achebe.

Mtu ataniambia kwamba Conrad hakuwanyima majina Waafrika peke yao. Ni kweli. Hata mto hautajwi jina, wala nchi. Mkurugenzi wa kituo hana jina, mhasibu hana jina, hata mchumba wa Kurtz hana. Lakini hao wote wanazungumza. Mkurugenzi anapanga njama zake kwa sentensi kamili. Mchumba anaongoza mazungumzo ya mwisho wa kitabu. Mwanamke Mwafrika wa Kurtz anatembea ufukweni, anainua mikono, basi. Kukosa jina si balaa kubwa ikiwa mtu ameachiwa kinywa chake.

Sasa njoo kwenye televisheni. Mwandishi anaweza kuandika kwamba ufukweni palikuwa na umati, akaendelea na habari zake. Kamera haiwezi kufanya hivyo. Kamera ikiuonesha umati, lazima watu halisi wasimame pale, kila mmoja na uso wake. Mshika usukani wa meli, ambaye kitabuni anakufa kwa mkuki bila sisi kumjua jina, sharti aigizwe na mtu. Katika filamu ya Roeg aliigizwa na Isaach de Bankolé wa Côte d'Ivoire. Mwanamke wa Kurtz aliigizwa na Iman, Msomali mzaliwa wa Mogadishu. Watu hawa wana macho, na macho yao yanamtazama Marlow kama yeye anavyowatazama. Mlango ambao kitabu kiliufunga, filamu inaufungua kwa asili yake, hata kama mwongozaji hakukusudia.

Je, Roeg alipita katika mlango huo? Naona aliingiza mguu mmoja. Mshika usukani alipewa jina: Mfumu. Hiyo ni hatua, kwa sababu mtu mwenye jina huulizwa habari zake. Lakini lisikilizeni jina hilo kwa sikio la mwanafunzi wa lugha. Kwa Kikongo, mfumu ni chifu. Huku kwetu, Mshi akisema mufumu au Mrundi akisema umupfumu, tunaelewa mganga. Jina hili lina sauti ya cheo. Ni kama mtu atunge hadithi ya Ulaya na kumwita dereva wake Bwana Mkubwa. Na mwanamke wa Kurtz hata hilo hakupata. Katika orodha ya waigizaji ameandikwa tu Mrembo Mweusi. Tena filamu yenyewe ilipigwa Belize, Amerika ya Kati. Msitu ni msitu, walidhani, na mto ni mto.

Lile toleo la 1958 lilikwenda mbali zaidi kwa upande mbaya. Marlow aligeuzwa kuwa mtoto wa kulea wa Kurtz, na kisa kikawa cha baba na mwana. Kongo ikabaki pambo la ukutani, miaka miwili kabla ya uhuru wetu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaopima filamu kwa uaminifu wake kwa kitabu. Kama uaminifu ni kufuata kitabu hatua kwa hatua, basi filamu aminifu kabisa ya Conrad ni ile inayowaacha watu wa mto bubu. Uaminifu huo hautufai. Kuna ukweli mwingine nje ya kitabu ambao filamu ingeweza kuutii, nao ni ukweli wa mahali. Conrad alipofika Stanley Falls mwezi Septemba 1890, hapakuwa mahali pasipo na lugha. Mwaka 1887 Tippu Tip alikuwa amefanywa liwali wa eneo hilo chini ya Leopold, na watu wake walikuwa bado wapo. Kiswahili kilikuwa kinasemwa pale, kile ambacho baadaye kiliitwa Kingwana, pamoja na lugha za wenyeji wenyewe. Na katika miaka ya 1902 na 1903, wakati riwaya ya Conrad inatoka kama kitabu, Mjerumani Heinrich Brode alichapisha maisha ya Tippu Tip kama alivyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili. Mle watu wana majina, machifu wanajadiliana, bei inapatanwa, maneno yanajibiwa kwa maneno. Tippu Tip hakuwa malaika. Aliuza pembe na aliuza watu. Lakini maandishi yake yanatosha kuonesha kwamba kimya kile kilikuwa katika sikio la msimulizi. Mto wenyewe ulikuwa unasema.

Kwa nini jambo hili lituume sisi wa Sange? Kwa sababu skrini imetuonesha na sisi. Jioni ya tarehe 2 Julai 2010, watu walipokuwa wamejaa vibandani wakitazama Kombe la Dunia, lori la mafuta lilipinduka hapa barabarani na moto ukaua zaidi ya watu 200. Kwa siku kadhaa jina la Sange lilitajwa katika televisheni za dunia. Wengi walizikwa katika makaburi ya pamoja bila kutambuliwa. Dunia ilitujua kwa hesabu. Sisi tuliobaki tunajua kwamba kila mmoja aliitwa jina fulani na mama yake, kwa Kifuliru, kwa Kirundi au kwa Kiswahili. Anayeona kwamba swali la nani anapewa kinywa kwenye skrini ni anasa ya wasomi, na atembelee makaburi hayo kwanza.

Kwa hiyo nina mapendekezo mawili kwa wahadhiri na wanafunzi wenzangu. La kwanza: tunapolinganisha riwaya na filamu, tuache kuhesabu sura zilizorukwa, tuhesabu wanaosema. Nani ana sentensi kamili, kwa lugha gani, na nani anaonekana tu? Kipimo hiki kinafaa kwa Conrad, na kinafaa pia kwa tamthilia zinazotafsiriwa sauti ambazo majirani zetu wanazitazama kila usiku. La pili: kitivo kichague tukio moja la Heart of Darkness, mathalani kifo cha mshika usukani, na wanafunzi waliandike upya kwa ajili ya skrini kwa Kiswahili cha mashariki ya Kongo. Kitabuni Marlow mwenyewe anakiri kwamba alimkosa sana mtu huyo, na kwamba hana hakika kama Kurtz alistahili uhai uliopotea kwa ajili yake. Basi kazi ya kwanza ya mwandishi wetu iwe ngumu na ya wazi: ampatie mtu huyo jina ambalo mama yake angempa, na aamue alisema nini kabla ya mkuki kumfikia.