Mwalimu Aliyekataa Kiapo

Utawala wa Benito Mussolini ulipowataka walimu wa Italia wale kiapo cha utii kwa ufashisti, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Bibi Lina Merlin, alikataa katakata. Mwaka 1926 akafukuzwa kazi, kisha akawekwa kizuizini katika kisiwa cha Sardinia. Hakuwa mgeni wa mambo hayo. Alikuwa mwanachama wa Chama cha Kisoshalisti tangu mwaka 1919, na ndiye aliyekuwa akimpelekea mbunge Giacomo Matteotti habari za maovu ya magenge ya kifashisti. Matteotti aliuawa na mafashisti mwaka 1924.

Wasomaji wetu walimu na watumishi wa serikali wanaujua uzito wa mshahara wa mwisho wa mwezi. Basi na wapime wenyewe: mwaka 1931 maprofesa wa vyuo vikuu vya Italia zaidi ya 1,200 walitakiwa kula kiapo cha namna hiyo hiyo, na waliokataa hawakufika 20.

Ufashisti ulipoanguka, Bibi Merlin alichaguliwa mwaka 1946 kuingia katika Baraza la Kutunga Katiba, lililokuwa na wanawake 21 tu kati ya wajumbe 556. Ni kwa juhudi yake kwamba ibara ya 3 ya Katiba inasema wazi kuwa raia wote ni sawa mbele ya sheria bila ya kubaguliwa kwa jinsia.

Lakini vita vyake vikubwa vilikuwa juu ya madanguro. Tangu karne ya 19 Serikali ya Italia ilikuwa ikiyapa madanguro leseni, ikiyatoza kodi, na kuwaandikisha polisi wanawake waliokuwamo. Aliyeandikwa humo alibaki na doa lililomzuia kupata kazi nyingine. Huo ulikuwa unyonyaji wenye mhuri wa serikali. Mwaka 1948, akiwa seneta, Bibi Merlin alipeleka mswada wa kuyafunga. Mswada huo ulizungushwa kwa miaka kumi! Wapinzani walitaja hofu ya magonjwa; wengine walimdhihaki tu, na hata miongoni mwa wasoshalisti wenzake hawakukosekana waliomwona msumbufu. Wanawake wa madanguro walimwandikia barua, na mwaka 1955 yeye na Carla Voltolina walizichapisha kuwa kitabu, ili taifa lisikie kwa vinywa vya wenyewe walioonewa.

Sheria ilipita Februari 1958, na Septemba ya mwaka huo milango ikafungwa. Wako wanaoilaumu kwamba haikuufuta ukahaba, bali iliuhamishia barabarani. Ni kweli ukahaba haukwisha. Lakini sheria ile haikumwadhibu mwanamke. Ilimwadhibu anayemnyonya, na iliitoa Serikali katika biashara ambayo haikustahili kuwamo hata siku moja.

Liko jambo moja ambalo si tamu kwa gazeti la chama kuliandika. Mwaka 1961, akiwa amefarakana na viongozi wake, Bibi Merlin alikihama chama alichokitumikia kwa zaidi ya miaka 40. Miaka miwili baadaye akaondoka bungeni. Alifariki dunia mwaka 1979, na Waitalia hata leo huiita sheria ile kwa jina lake.