Kijana wa mkokoteni ahitaji kazi kabla ya mkopo

KAMA unaishi Umoja, Kayole, Huruma au Dandora, huenda taka za nyumba yako hazichukuliwi na lori la kaunti. Huja kijana na mkokoteni, akabisha hodi, akabeba gunia, na mwisho wa mwezi ukampa pesa zake. Kijana huyo ana wenzake. Wana mwenyekiti, mweka hazina na daftari. Siku ya kugawana mapato, sehemu hubaki chamani ili mmoja wao alipe karo ya mdogo wake au anunue mkokoteni wa pili.

Hapo tayari pana kazi, akiba na mkopo, wala hakuna waziri aliyekuja kukata utepe. Basi serikali ikitaka kuwasaidia vijana hawa, iingilie wapi?

Kwa miaka mingi jibu lake limekuwa mkopo. Mwaka wa 2006 ilianzishwa Hazina ya Vijana, na 2007 ikafuata ya Wanawake. Uwezo ilizinduliwa 2013 kwa Sh6 bilioni zilizokuwa zimetengewa duru ya pili ya uchaguzi wa urais, duru ambayo haikufanyika. Hazina ya Hustler nayo ikaja Novemba 30, 2022. Sizibezi hata moja. Uwezo hasa ina sifa yake, kwa kuwa hukopesha kikundi wala haitozi riba, ila ada ya asilimia tatu tu. Lakini mkopo hulipwa kwa kazi. Mpe kijana wetu Sh100,000 huku wateja wake wakibaki wale wale wa nyumba arobaini, na utakuwa umemwongezea deni.

Kazi yenyewe iko, tena tele. Kumbuka Kazi Mtaani ya 2020, wakati wa corona. Vijana wa Mathare, Korogocho na Mukuru walizibua mitaro na kufyeka vichaka, wakianza kwa Sh653 kwa siku kabla ya malipo kupunguzwa. Kwa maoni yangu, kasoro ya mpango ule ni kwamba uliandika watu mmoja mmoja, si vikundi. Kikundi kilichokuwa kikizoa taka mtaani miaka mitano kilisimama foleni moja na mtu ambaye hajawahi kushika reke.

Na si kwamba hatujui nguvu ya kikundi. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilianza 1987, na timu zake zilipewa alama za ligi kwa kusafisha mtaa, si kwa kufunga mabao pekee. Hebu fikiria, mtoto wa miaka kumi na miwili anachukua koleo ili timu yake isishuke kwenye jedwali! Nidhamu ya namna hiyo haitoki afisini. Afisi ingeleta lori tu.

Sheria nayo ipo. Tangu 2013 asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, wanawake na walemavu. Kizuizi ni malipo. Kampuni kubwa inaweza kungoja hundi ya kaunti mwaka mzima, maana benki inaijua. Kikundi cha watu kumi na watano hakiwezi kungoja miezi miwili, kwa sababu watu hao wanalipa kodi ya nyumba kila tarehe tano. Kama ningeulizwa nichague kati ya hazina mpya na ahadi ya kulipa vikundi ndani ya siku thelathini, nisingefikiria mara mbili.

Kisha kuna jambo la ardhi, ambalo ndilo linaloumiza zaidi. Mwezi Agosti 2017, Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo la mipango maalum. Vikundi vya akiba vya Muungano wa Wanavijiji, vuguvugu lililoanza 1996, vilikuwa vimezunguka nyumba kwa nyumba kuhesabu watu, vyoo na bei ya maji. Huo ulikuwa msaada wa maana: serikali ilikubali hesabu ya wenyeji, ikaketi nao kupanga barabara na mabomba. Lakini mwaka wa 2021 matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara, na maelfu ya familia zikalala nje. Duka la mwanachama likibomolewa, mkopo wake haubomoki nalo. Wenzake ndio huulipa. Mkono mmoja ulipanga, wa pili ukavunja, na yote miwili ilikuwa ya serikali.

Sasa wewe msomaji ufanyeje? Kila mwaka, kabla ya Aprili 30, makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti, na Katiba ya 2010 inataka wananchi wasikizwe. Mara nyingi vikao hivyo huwa na wazee wachache na wapambe wa wanasiasa. Safari ijayo nenda na yule kijana wa mkokoteni, abebe daftari lake. Na kama nyumbani mna mwanafunzi wa sekondari anayesoma somo la biashara, amsaidie kupanga mapato na matumizi katika ukurasa mmoja. Diwani hatasoma kumi.